Wanyama wa Bustani na Mapendo ya Wachumba

Katika miji mikubwa ya dunia, bustani ya wanyama ni mahali pa wachumba. Siku ya Dominika, baada ya chakula cha mchana, utawaona wawili wawili, kijana amevaa shati lililopigwa pasi, binti ameshika kimkoba chake, wakipita polepole toka banda la simba mpaka bwawa la mamba. Sababu zake si ngumu kujua. Kiingilio hakimfilisi mtu. Mahali penyewe ni pa wazi, mbele ya macho ya watu wote, hata wazazi hawapati neno la kulaumu. Tena ulimi ukiwa mzito, mnyama huleta maneno. Kijana asiyejua amwambie nini mchumba wake aweza kusema, "Mtazame yule," na mara mazungumzo yameanza.

Mji wetu wa Butembo hauna bustani ya namna hiyo, wala Beni haina. Walakini wafanyabiashara na wanafunzi wavukao mpaka wa Kasindi kwenda Uganda wanaijua ile ya Entebbe, iliyoanzishwa mwaka 1952 ukingoni mwa Ziwa Viktoria. Na wako wanaorudi wakisema kwamba wanyama hupendana kuliko wanadamu. Neno hilo ndilo tunalotaka kulipima leo. Je, wanyama hupendana kweli? Na kama ndivyo, wana lolote la kuwafundisha wachumba wa nyumba zetu? Jibu haliko mbali. Sehemu yake kubwa iko katika milima yetu wenyewe ya Lubero.

Tuanze na ndege, kwa sababu ndio wanaowapendeza wachumba kwanza. Korongo mwenye taji, aliye alama ya nchi ya Uganda, hucheza ngoma na mwenziwe. Dume na jike huinamiana, hufungua mabawa, huruka juu na kutua, kisha huinamiana tena. Wakishakuwa wawili hukaa pamoja miaka mingi, hujenga kiota pamoja, huatamia mayai kwa zamu. Kasuku wa misitu yetu, yule wa kijivu mwenye mkia mwekundu, naye hushikamana na mwenzi mmoja. Akifungwa peke yake katika kizimba nyumbani mwa mtu, mara nyingi huanza kujinyonyoa manyoya mpaka kifua kinabaki uchi. Aliyemwona kasuku wa namna hiyo hawezi kusema kwamba mnyama hana haja ya mwenziwe.

Basi kosa la kwanza ni kudhani kwamba mnyama ni kama jiwe. Lakini liko kosa la pili, ambalo siku hizi limeenea zaidi, nalo ni kumfanya mnyama kuwa mtu. Wachumba hulipenda sana kosa hili la pili, maana aliyependa huona mapendo kila mahali, hata kwa nyani anayemtafuta mwenziwe chawa. Tutasimulia mambo machache yaliyotokea kweli, na msomaji aone mwenyewe tofauti.

Mji wa Antwerp katika Ubelgiji una bustani ya wanyama tangu mwaka 1843. Ndiko alikopelekwa, mwaka 1919, okapi wa kwanza kutoka misitu ya Kongo aliyefika Ulaya akiwa hai. Mwaka 2021 bustani hiyo ilitajwa katika magazeti ya nchi nyingi kwa ajili ya sokwe dume aitwaye Chita. Utotoni Chita alilelewa nyumbani mwa watu. Kisha akaletwa bustanini, akakaa humo miaka 30 hivi. Bibi mmoja akawa anakuja kumwona karibu kila juma, kwa muda wa miaka minne. Yeye alisimama upande huu wa kioo, Chita upande ule. Wakapungiana mikono, wakatumiana mabusu. Bibi yule aliamini kwamba wanapendana, nasi hatuna sababu ya kumwita mwongo.

Lakini walezi wa bustani waliona jambo ambalo yeye hakuliona. Kadiri Chita alivyomwelekea mgeni wake, ndivyo sokwe wenziwe walivyomwacha kando. Wageni walipokwenda zao na milango ikafungwa, alibaki peke yake kwa saa nyingi, hana wa kumchambua manyoya, hana wa kukaa naye. Mwishowe wakuu wa bustani wakamkataza bibi yule asimkaribie Chita tena. Watu wengi walimhurumia bibi. Sisi twamhurumia sokwe pia. Bibi alikuwa na mji mzima wa kurudia jioni. Chita alikuwa na jamaa moja tu, ile iliyokuwa pamoja naye ndani ya banda, na jamaa hiyo alikuwa akiipoteza kidogo kidogo kwa ajili ya ziara ya mara moja kwa juma. Kumbe yako mapendo yanayomfurahisha apendaye huku yakimpunguzia maisha apendwaye.

Huko Mombasa, katika pwani ya Kenya, lilitokea jambo la kufanana na hilo, ila lilikuwa na mwisho mwema. Mwezi wa Desemba mwaka 2004 mawimbi makubwa yaliyotoka upande wa Asia yalifika mpaka pwani ya Afrika ya Mashariki. Karibu na Malindi alionekana mtoto wa kiboko baharini, peke yake, hana mama. Watu wakamwokoa kwa nyavu, wakampeleka Mombasa katika bustani ya Haller, wakamwita Owen. Alipofunguliwa alimkimbilia kobe mkubwa aitwaye Mzee, ambaye umri wake ulikadiriwa kuwa miaka 130 hivi, akajibanza nyuma ya gamba lake. Kobe hakufurahi. Akajiondokea, mtoto akamfuata; akaondoka tena, akafuatwa tena. Zilipopita siku chache wakawa wanalala mahali pamoja na kula pamoja. Picha zao zikazunguka dunia yote, na vitabu vya watoto vikaandikwa juu yao.

Watu wengi walioipenda picha ile hawakufuatilia habari yenyewe mpaka mwisho. Owen alikua, na kiboko anayekua aweza kumwumiza kobe hata kwa mchezo. Tena hakuwa anajifunza mambo ya viboko wenziwe. Basi walezi wakamtafutia kiboko jike aitwaye Cleo, na baadaye wakamtenga na Mzee. Waliopenda picha walisikitika, lakini walezi walitenda haki. Mzee alikuwa amekwisha kufanya kazi aliyopewa na shida ile: kumpa yatima mahali pa kujibanza. Kazi hiyo ilikuwa na mwisho wake.

Sasa turudi kwetu Kivu ya Kaskazini. Mwaka 2007, katika Hifadhi ya Virunga, askari wa hifadhi walimkuta mtoto wa gorila wa miezi miwili ameng'ang'ania maiti ya mama yake aliyepigwa risasi. Mtoto huyo ni Ndakasi. Mlezi mmoja, André Bauma, akamshika kifuani usiku kucha apate joto. Tangu siku ile Ndakasi hakuweza tena kurudi msituni, akalelewa katika kituo cha yatima cha Senkwekwe huko Rumangabo. Aliishi miaka 14. Tarehe 26 Septemba 2021 alikufa baada ya ugonjwa mrefu, kichwa chake kikiwa juu ya kifua cha Bauma.

Je, tuseme Bauma alikosa kama bibi wa Antwerp? Hasha. Bibi alimwendea sokwe aliyekuwa na wenziwe. Bauma alimpokea mtoto aliyekuwa hana mtu. Wasomaji wetu wa Beni na Lubero, ambao tangu mwaka 2014 wamepokea nyumbani mwao watoto wengi walioachwa na mauaji, hawahitaji kuelezwa jambo hili. Wanajua jinsi mtoto anavyokishika kifua cha kwanza chenye joto, na jinsi aliyempokea anavyoacha usingizi wake na kazi zake. Hayo ni mapendo, na gharama yake ni kubwa.

Lakini hata mapendo hayo yana swali lake: baada ya kumwokoa, utamfanya nini? Utamweka awe wako, au utamsaidia apate walio wake? Swali hilo limejibiwa vizuri sana katika kijiji cha Kasugho, wilaya ya Lubero, karibu na hifadhi ya Tayna. Hapo pana kituo kiitwacho GRACE, kinachowalea yatima wa gorila wa nyanda za chini. Gorila wa kabila hilo hawapatikani popote duniani ila mashariki mwa Kongo. Mwaka 2021 wataalamu walikadiria kwamba waliobaki ni 6,800 hivi. Ili mwindaji akamate mtoto mmoja, mara nyingi huua mama, pengine na wengine wa jamaa wanaomtetea mtoto. Kwa hiyo kila yatima aliyeko Kasugho ni alama ya vifo vingine msituni.

Walezi wa Kasugho ni wenyeji wa nchi yetu. Yatima mpya akiletwa, mlezi hukaa naye mchana na usiku, humnywesha maziwa, humlaza, humfariji, kwa maana bila joto la kiumbe mwingine mtoto wa gorila hufa hata akishiba. Lakini mlezi anajua tangu siku ya kwanza kwamba anamlea ili amtoe. Yatima akipata nguvu huonyeshwa kwa gorila wenziwe, kidogo kidogo, na gorila jike aliyekwisha kukua humpokea kama mwanawe. Jike mmoja aitwaye Pinga amewalea yatima wengi kwa namna hiyo. Kisha mlezi hurudi nyuma. Hachezi nao tena wala hawashiki. Huwatazama toka upande wa pili wa ua. Tangu mwaka 2015 wana ua wa msitu wa karibu hekta 10, wapate kupanda miti na kutafuta chakula kama ndugu zao wa porini.

Tufikiri kidogo juu ya mlezi huyo. Amemshika mtoto kifuani miezi mingi. Mtoto amemjua kwa harufu na kwa sauti. Siku inakuja ambapo mtoto anampa mgongo na kumkimbilia Pinga, naye mlezi anapaswa kufurahi. Wazazi waliooza binti zao wataelewa neno hili kuliko sisi tunavyoweza kuliandika.

Na habari haikuishia hapo. Magharibi ya Ziwa Edward, ndani ya Hifadhi ya Virunga, uko mlima Tshiaberimu, wenye kimo cha zaidi ya mita 3,000. Jina lake la Kinande hutafsiriwa kuwa Mlima wa Mizimu. Gorila wa mlima huo walikuwa wamepungua mno, hata ilionekana kwamba bila majike wapya watakwisha kabisa. Basi mwaka 2021 majike wanne wa Kasugho walipelekwa huko. Majina yao ni Isangi, Lulingu, Ndjingala na Mapendo. Hawakuachiliwa mara moja. Waliwekwa katika ua mlimani wazoee baridi na kujifunza majani ya huko. Walikaa hivyo muda wa miaka mitatu.

Dume mmoja wa porini, jina lake Mwasa, mwenye mgongo wa rangi ya fedha, akaanza kuja karibu na ua. Alikuja, akaondoka, akarudi tena, akaita na kujipiga kifua, nao majike wakamsikiliza toka ndani. Mwezi wa Oktoba mwaka 2024 ua ukafunguliwa. Majike wote wanne wakatoka, wakajiunga na Mwasa, wakaingia naye msituni. Walezi walioshinda nao miaka yote hiyo wakabaki mlimani wakitazama.

Tunajua kwamba hapa kijana mmoja wa Butembo amekwisha kucheka, na kusema, "Kumbe Mwasa ana wake wanne, na gazeti linamsifu!" Ngoja, ndugu. Hatukusema uoe kama Mwasa. Gorila haweki ahadi. Hukaa na majike maadamu ana nguvu za kuwalinda; akishindwa, jike aweza kumfuata mwingine. Na kwa gorila wa milimani imeonekana kwamba dume wa familia akifa, dume mgeni anayewatwaa majike wake aweza kuua watoto wachanga wa yule wa kwanza. Anayetaka kuishi kwa desturi ya Mwasa aikubali na sehemu hiyo pia. Mwanadamu amepewa neno ambalo mnyama hana, yaani kusema leo, mbele ya Mungu na watu, "Nitakuwa wako hata nitakapokuwa dhaifu." Kwa hiyo ndoa hatujifunzi kwa wanyama. Kwao twaweza kujifunza jambo dogo zaidi lililo kabla ya ndoa, nalo ndilo ambalo vijana wetu wanalisahau.

Jambo hilo ni mlango. Mwasa hakuvunja ua, na walezi wa Kasugho hawakuufunga milele. Siku ulipofunguliwa ndipo kila mtu alipojua majike wale wanataka nini. Kabla ya hapo ilikuwa kukisia tu.

Siku hizi tunawaona wachumba wengi wanaoanza uchumba kwa kujenga ua. Kijana amemposa binti juzi. Leo anadai kuisoma simu yake, kesho anamkataza kwenda mazoezi ya kwaya, mwezi ujao anataka aache kazi yake ya kushona au biashara yake sokoni, kwa sababu huko kuna wanaume. Akiulizwa, husema, "Ni kwa sababu nampenda." Nao mabinti wako wanaofanya vivyo hivyo: mchumba akichelewa saa moja kwa mama yake, ni ugomvi wa juma zima. Mara nyingi mwenziwe hulipokea jambo hilo kwa furaha mwanzoni, akidhani kwamba wivu ni kipimo cha mapendo. Baada ya mwaka mmoja hana rafiki tena, dada zake wamechoka kumwita, na mtu pekee aliyebaki ndiye huyo aliyemfungia. Hapo amekuwa kama Chita: ana mgeni wa kumtumia mabusu, lakini jamaa yake haimjui tena.

Tusidanganyike kuhusu mahari. Mbuzi ambao Wanande hutoa tangu zamani ni heshima kwa waliomlea binti, na kifungo cha urafiki kati ya jamaa mbili. Si bei ya ua. Ndiyo maana Kanisa, kabla ya kupokea ahadi za wachumba, linataka padre awaulize mbele ya wote kama wamekuja kwa hiari yao, pasipo kulazimishwa. Wengi hulisikia swali hilo kama desturi tu, wakingoja pete. Lakini swali hilo ndilo mlango unaofunguliwa. Asiyekuwa na uhuru wa kusema "Hapana" mbele ya altare, "Ndiyo" yake haina uzito.

Kwa hiyo twawashauri wachumba wajiulize maswali matatu kabla ya kupanga siku ya arusi. Kwanza, tangu tupendane, je, watu wema wanaompenda mwenzangu wameongezeka au wamepungua? Pili, je, aweza kuniambia "Sitaki" bila kuogopa sauti yangu, wala mkono wangu? Tatu, je, niko tayari kungoja? Majike wa Tshiaberimu walingoja miaka mitatu wazoee mlima. Nyumba ya mume nayo ni mlima mgeni, ina baridi yake na chakula chake, na anayemharakisha mwenziwe humwona akiugua kabla ya kuzoea. Haraka haraka haina baraka.

Wazazi nao wana sehemu yao. Yako mapendo ya mama yasiyotaka mwana atoke, na ya baba anayemrudisha binti nyumbani kila mara kwa sababu ndogo. Mlezi wa Kasugho aliyerudi nyuma ya ua hakupunguza mapendo yake. Aliyamaliza kama ilivyopasa.

Tena tusinunue kasuku wala mtoto wa mnyama yeyote wa porini kuwa zawadi ya uchumba. Sheria ya Kongo ya mwaka 2014 ya kuhifadhi viumbe inakataza kukamata wanyama wanaolindwa. Hata kama isingekuwapo sheria, ni vibaya kuanza uchumba kwa kiumbe kilichonyang'anywa mwenziwe.

Na wale watakaopata nafasi ya kufika Entebbe, au bustani nyingine yoyote, waende kwa furaha. Lakini binti asiwatazame korongo tu. Amtazame na kijana wake anapowatazama. Je, anamrushia nyani mawe ili aruke? Anapiga kioo ili simba aamke? Anamdharau mlinzi anayefagia njia? Au anasimama kimya, anaacha mnyama aje akitaka, na asipokuja hakasiriki? Kijana naye amtazame binti vivyo hivyo. Kwa mchana mmoja wa namna hiyo watajuana kuliko kwa barua kumi.